Gari la Umeme la Shangazi Saada

Nilisikia jina lake redioni, katika matangazo ya vifo ya mchana, nikiwa uani napepeta mchele. Mtangazaji alitaja jina la ukoo ambalo sikuwahi kuliuliza kwa miezi yote niliyokula naye ua mmoja, akasema marehemu alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa huko Kibosho, na kwamba mazishi yangekuwa Alhamisi. Melkiori. Nikajiambia ni mwingine, maana mlimani majina ya kanisani wamegawiwa wengi. Mimi ni mtu wa kushuku, sitaficha. Mpaka leo, na meno yameniisha, nikiletewa sukari kutoka dukani lazima niionje kidoleni kwanza, na daktari akinipa kidonge namwuliza mara mbili kama ndicho. Wajukuu zangu husema Bibi akifika peponi atamdai malaika kitambulisho. Lakini mtangazaji hakuwa amemaliza. Akasoma kwamba habari ziwafikie binti yake aliye Tanga, shemeji zake wa Kilema, na Bi Mwanaidi wa bekari, Moshi mjini. Niliuweka ungo chini. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimejituliza kwa kuamini kuwa mtu yule amenisahau, na sasa jina langu limesomwa nchi nzima, nyuma tu ya shemeji zake. Jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, ni hili: wananitakia nini.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa vita, ule ambao petroli ilianza kutolewa kwa kibali na unga wa ngano ukawa unachanganywa na wa mahindi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeachika, nimerudi kwa Shangazi Saada. Ya ndoa ile siyaelezi. Inatosha kusema kuwa humo nilijifunza kupekua mifuko na kunusa kanzu, na tabia hiyo nilirudi nayo Moshi pamoja na sanduku langu. Shangazi alikuwa na bekari si mbali na stesheni: chumba kimoja kirefu chenye tanuri la matofali upande wa mwisho, meza mbili za kukandia, na mlango wa nyuma wa kutokea uani, ambako palikuwa na jiko letu, mkeka wetu wa kulia chakula, na banda la gari. Kuta za chumba kile zilikuwa na joto hata Julai, wakati Moshi nzima inatembea imejifunika mablanketi. Shangazi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, tasbihi mkononi, na kila sinia ikitoka alichukua mkate mmoja, akaugeuza, akaugonga kwa ukucha chini yake na kusikiliza kama umeiva. Tulipeleka mikate hospitalini, stesheni na kwenye maduka ya sokoni. Gari letu la petroli lilipoanza kukaa siku tano za wiki bila kutembea, wachukuzi wakaibeba vichwani, na mvua za masika zikawa zinawakuta njiani. Karani wa hospitali akaja mwenyewe, kwa adabu nyingi, kumwambia Shangazi kwamba mikate ikichelewa tena, au ikifika imelowa, watatafuta pengine. Tukiikosa hospitali tulikuwa tumefunga mlango, na kila aliyekanda unga pale alilijua hilo.

Ndipo alipokuja Melkiori. Alikuja mchana, kofia mkononi, kijana mrefu wa miaka kama ishirini na mitano, na viatu vilivyoshonwa kwa waya. Alikuwa fundi katika shamba la mlowezi mmoja Mjerumani huko mlimani. Serikali ilikuwa imemwondoa yule mzungu kwa sababu ya vita na vyombo vyake vilikuwa vinapigwa mnada. Melkiori alimwambia Shangazi kuwa katika vile vyombo kuna mota ya umeme na mashine ya kutilia betri moto, ambavyo hakuna anayevitaka kwa sababu hakuna anayevijua, na kwamba reli inatupa betri za taa za mabehewa ambazo nusu yake bado ni nzima. Akasema tukiitoa injini ya gari letu na kuiweka mota ile, na betri tukazipanga chini ya rafu za mikate, gari litatembea bila tone la petroli. Mzee Athumani, dereva wetu, alicheka mpaka akakohoa. Alisema gari lisilonguruma halina heshima. Mimi nilimwuliza kijana ametumwa na nani, akanijibu hakutumwa, na jibu hilo likanizidishia shaka, kwani mtu anayekuja bila kutumwa ana lake. Shangazi alimwuliza jambo moja tu: gari hilo litashindwa nini. Melkiori akahesabu vidoleni. Halitapanda mlima. Halitavuka daraja la mto. Likipitishwa mzunguko wake wa hospitali, stesheni na soko, litasimama, na halitabembelezeka. Alipokwisha kwenda bombani kunawa, Shangazi akaniambia kuwa mtu aliyekuja kutudanganya angesema linaruka.

Alipewa chumba kidogo kando ya banda na akakaa nasi toka masika mpaka vuli. Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko vyumba vingi nilivyolala mwenyewe: kitanda cha kamba, rozari kwenye msumari, na chupa kubwa nne za kioo zilizofungwa midomo kwa kitambaa. Katika chupa hizo aliweka maji ya mvua. Hakuyakinga batini kama watu wote. Alitandaza shuka nyeupe kwenye miti minne katikati ya ua, akaweka chombo cha udongo chini yake, kwa sababu alisema maji ya betri hayatakiwi kugusa chuma wala kupita ardhini, na kwamba maji ya mifereji ya mlimani, ambayo kwao wanaona hakuna safi kuliko hayo, yangeziua betri kwa miezi michache. Hakuna aliyeruhusiwa kuzishika chupa hizo. Kila asubuhi alifungua vifuniko vya betri kimoja kimoja, akachovya kipimo chake cha kioo, akaongeza maji palipopungua. Alinieleza siku moja, bila mimi kumwuliza, kuwa betri ni kama ng'ombe wa zizini wa kwao, hatoki kwenda malishoni, kila atakachokula lazima umletee wewe, na ukimletea kibaya atakula hichohicho. Nilimsikiliza huku nikitazama mikono yake, maana asidi ilikuwa imemtoboa shati vitundu vidogo kifuani, na nilikuwa najiuliza kitu kinachotoboa nguo namna ile tunakiwekaje chini ya mikate.

Tulikula pamoja uani, yeye akikaa ncha ya mkeka. Mara moja aliporudi kutoka kwao Jumapili alileta chungu cha mtori, mama yake ameupika kwa ndizi na nyama, ameufunika kwa majani ya mgomba, bado una uvuguvugu baada ya safari yote ile ya miguu. Nikamwuliza nani kachinja. Akasema ni mjomba wake. Nikakisukuma chungu mbele yake, mbele ya watu wote, nikamwambia ale mwenyewe. Hakukasirika; alikichukua akaenda kukaa nacho mlangoni kwake. Jumapili iliyofuata alishuka na kuku mzima, kafungwa miguu, akamweka miguuni pa Shangazi na kusema, amchinje mnayemtaka. Shangazi alicheka hadi machozi yakamtoka, na Mzee Athumani akachinja. Mimi nilimgeuza yule kuku kwanza kutazama kama hana kideri.

Gari lilitoka mwezi wa Julai. Lilipita getini kimya, linasikika magurudumu tu kwenye changarawe, na Mzee Athumani ndani yake kanyooka kama bwana arusi. Wiki ile ya kwanza liliua kuku wawili ambao hawakulisikia, hata Melkiori akalifunga kengele ya baiskeli. Mikate ilikuwa inafika hospitalini asubuhi ya mapema, mikavu, bado ina joto, na karani akaacha kutoa saa yake mfukoni. Kwa wiki kama tatu hivi nilimwona Shangazi akitembea na kicheko usoni. Nami, kwa kuwa sikuweza kuona kosa, nilizidi kutafuta. Mtu asiyeonekana kosa hunichosha.

Maneno yalianzia bombani. Nilikuwa upande huu wa ukuta naanika mifuko ya unga, nikawasikia wanawake wakisema kuwa gari lisilokula petroli lazima lina kinachokula. Mmoja akasema amemwona yule Mchaga asubuhi akilinywesha kwa chupa, kifuniko baada ya kifuniko. Mwingine akauliza linakwenda wapi kila siku kabla ya pengine popote. Wakajibu wote pamoja: hospitali. Walioishi enzi hizo hawahitaji kuelezwa zaidi. Mumiani walikuwa wanaogopwa kuliko simba; watu waliamini kabisa kuwa wapo wanaotumwa kukamata watu na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa, na hapa palikuwa na gari linalotambaa kimya, linalokwenda hospitalini kila asubuhi, linalonyweshwa kwa siri. Ndani ya wiki mbili maduka mawili ya sokoni yaliacha kuchukua mikate yetu. Wanawake waliokuwa wakinunua mlangoni walihamia upande wa pili wa barabara. Sikuamini habari ya damu, lakini nakiri kwamba nilikwenda chumbani kwa Melkiori alipokuwa hayupo, nikazinusa zile chupa nne.

Shangazi aliumia vingine. Alikuwa mtu wa swala na sadaka, na kuitwa mumiani katika mji aliokaa maisha yake yote kulimkosesha usingizi. Akaanza kwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akituandikia kombe tukiugua: anayeyusha zafarani katika marashi ya waridi, anaandika aya kwenye sahani nyeupe, sahani inasuuzwa kwa maji, na maji yale mgonjwa anayanywa. Alinituma mimi kununua zafarani na marashi dukani kwa Mhindi. Nikamwuliza anaumwa nini, akasema moyo unamwenda mbio. Nilimwamini. Katika mwaka mzima wa kushuku kila mtu, huyo ndiye mtu pekee niliyemwamini bila kuuliza mara ya pili, na kila Ijumaa niliziona sahani zile zimeoshwa, zimeinamishwa kwenye ukuta wa jiko, nikazipanga kabatini mimi mwenyewe.

Karibu na vuli gari likaanza kuchoka. Lilisimama kwanza karibu na stesheni, kabla ya kufika sokoni. Siku nyingine likazima mbele ya lango la hospitali, mahali pabaya kuliko pote, na watu wakakusanyika mbali kidogo, hakuna aliyethubutu kulisukuma, mmoja akisema linangoja chakula. Melkiori alizitia betri moto usiku kucha, na asubuhi kipimo chake kikamwonyesha kuwa hazikushika. Aliacha kula vizuri. Alifungua vifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu, akavifunga, akavifungua tena. Mzee Athumani, ambaye hakuwahi kulipenda gari lile, alinisogelea na kunong'ona kuwa yule kijana kila Jumamosi anapanda Kibosho na mfuko, na madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri, katika vita hivi, ni mali. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilikuwa nimengoja jambo hilo tangu siku alipoingia na kofia mkononi.

Jumamosi iliyofuata, adhuhuri, wakati Melkiori anaoga, niliufungua mfuko wake. Ndani ya shati kulikuwa na kibamba cha risasi kilicholiwa pembeni, na chupa ndogo ya maji yenye rangi ya manjano. Niliubeba mfuko hadi katikati ya ua na kumngoja. Wakandaji walitoka nje na unga mikononi. Mzee Athumani alisimama karibu na gari. Shangazi alikuwa kwenye kigoda chake. Melkiori alipotokea, maji yanamtiririka shingoni, nilimwonyesha vile vitu na kumwuliza ni nini.

"Ni vitu vya betri, dada," alisema. "Nampelekea bruda wa misheni anitazamie. Kuna kitu kimeingia humo ndani."

"Kitu gani? Na nani kakitia, kama hakuna anayezigusa ila wewe?"

Macho yake yalinipita begani, yakaenda mlangoni alikokaa Shangazi, yakakaa huko kidogo. Tasbihi ilikuwa imeacha kutembea. Kisha akanirudia.

"Ni mimi," alisema. "Nimekosea maji."

"Hujakosea chochote. Sema wewe ni mwizi wa risasi, tujue."

Alinyoosha mkono, akaichukua ile chupa kwangu, akaizibua na kuimwaga chini, yote, mbele yetu. Udongo ukatoa povu. Akasema, "Basi, dada. Kama ni hivyo, na iwe hivyo." Aliingia chumbani, akatoka na rozari yake na kofia, akaja mpaka kwenye kigoda, akainama. "Kwaheri, Bi Mkubwa. Kwako nimeshiba." Akapita getini kwa miguu, akashika njia ya mlimani. Shangazi aliinuka, akaingia ndani. Nilidhani anamlilia mtu aliyemwamini akamwangusha, na nikajisikia nimeshinda. Nasema nilivyojisikia: nilifurahi, nikala chakula changu chote.

Neno langu halikulala pale uani. Kufikia jioni soko zima lilijua kuwa fundi wa Bi Saada alikuwa mwizi, kwamba zile chupa na kule kuzinywesha betri vilikuwa vya kuiba risasi ya vita. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitazamia: mji ulitulia. Mumiani anatisha, lakini mwizi wanamjua. Watu walisema kumbe ni hivyo tu, na wanawake wakarudi mlangoni kwetu na vikapu vyao kama vile hawakuwahi kuvuka barabara. Tulizitoa betri na mota, tukalifunga gari punda wawili, na likapeleka mikate hospitalini hivyohivyo mpaka vita vikaisha. Punda hawakumtia mtu shaka, kwa sababu walichokula kilionekana. Melkiori alijaribu kupata kazi katika karakana za mjini, nikasikia. Kila alipokwenda habari zake zilikuwa zimemtangulia. Alirudi mlimani akawa anatengeneza mashine ndogo za kahawa, zile za kuzungushwa kwa mkono, kihamba hata kihamba, katika mashamba ya migomba ya watu wa kwao. Mtu aliyeweza kuliendesha gari kwa maji ya mvua na vyuma vilivyotupwa na reli.

Mwisho wa mwaka uleule Shangazi aliugua homa. Alasiri moja nilikuwa namkanda kichwa kwa kitambaa chenye maji, akaniambia niufunge mlango. Akasema zafarani ile haikuwa ya moyo wake. Mji uliposema gari linakunywa damu, yeye aliona tiba yake ni kulinywesha maneno ya Mungu, na kwa Ijumaa saba, baada ya swala ya alfajiri, aliinua vifuniko mwenyewe na kumimina kombe, kidogo kidogo, katika kila betri, huku akisoma. Ijumaa ya sita Melkiori alitoka chumbani mapema akamkuta kainama, sahani mkononi. Alimwamkia tu, shikamoo Bi Mkubwa, akaenda zake bombani. Nilimwuliza, na sauti yangu ikawa ya mtu mwingine, kwa nini siku ile hakusema.

"Nilifungua mdomo niseme," Shangazi alijibu. "Yeye akanitikisia kichwa. Hukuona, ulikuwa unatazama mfuko. Fikiri, Mwanaidi. Ingejulikana kuwa Saada analinywesha gari lake kombe, mji ungesemaje? Wangesema ni kweli linakunywa, na hata mwenyewe analijua. Yule mtoto aliliwaza hilo kabla yangu. Akaona afadhali yeye awe mwizi."

Alilia, nami nikalia. Aliniomba nipande Kibosho nikamwambie kuwa tunajua, na nikimaliza nishuke nikawaambie watu wa sokoni kuwa sikusema kweli. Nikamwahidi. Alipopona aliniuliza kama nimekwenda, nikasema mvua; akauliza tena, nikasema njia mbovu; baadaye akaacha kuuliza, akanitazama tu, na miaka michache mbele akafa na kutazama kule. Kibosho naiona kutoka uani kwangu asubuhi mawingu yakiondoka. Si mbali. Nilijiambia kuwa nikisema ukweli bekari itaanguka. Bekari ilipokwisha kuanguka yenyewe, ikawa duka la nguo, nikajiambia kuwa Melkiori amesahau. Kabla ya hapo, vita vilipokwisha, aliniletea ujumbe kwa mtu wa kahawa: anaoa, mimi na Shangazi tunakaribishwa. Sikumwambia Shangazi. Nilidhani ananitega, anataka nipande huko anitahayarishe mbele ya ukoo wake. Ndivyo nilivyokuwa nawaza nikiwa na miaka ishirini na kitu, na kusema kweli ndivyo nilivyokuwa nawaza Alhamisi ile ya mazishi, nimekaa ndani ya gari la kukodi, vumbi la Kibosho linaingia dirishani na mjukuu wangu ananiambia, Bibi, tulia.

Walimzika ndani ya kihamba chake, kati ya migomba na mibuni. Palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Nusu yao, nadhani, mashine zao za kahawa alikuwa amezishika yeye. Mwanawe mkubwa alisoma wasifu wa baba yake kutoka kwenye karatasi. Akasema baba alifanya kazi shamba la mlowezi, kisha alifanya kazi Moshi mjini, kisha akarudi nyumbani, na hapo kwenye "kisha akarudi" nikaona wazee wawili wakitazama chini. Basi hata huku neno langu lilikuwa limefika na kuketi. Katekista akauliza kama kuna mgeni wa mjini mwenye salamu. Hakuna aliyejua mimi ni nani, ningeweza kukaa kimya na kurudi na kimya changu kama nilivyokuja. Nikamshika mjukuu wangu bega, nikasimama.

"Mimi ni Mwanaidi wa bekari," nilisema. "Huyu hakuwa mwizi. Mimi ndiye niliyemwita mwizi, na nimejua ukweli tangu mwaka uleule."

Nikawaeleza habari ya sahani na zafarani, na ya Shangazi, ambaye sasa hawezi kuumizwa na maneno ya mtu. Hakuna aliyenifokea. Mwanawe aliikunja karatasi yake, akaikunjua, akaikunja tena, halafu akanishukuru kwa sauti ndogo, na sikuwahi kushukuriwa nikaona aibu kama ile. Nilitafuta njia ya kuondoka. Kabla sijafika barabarani, mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani alinishika mkono, mjane wake, mtu wa rika langu. Akaniongoza nyuma ya nyumba, mbali na masufuria makubwa ya msiba, ambako chungu kimoja kilikuwa juu ya mafiga matatu, peke yake, kimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Hiki ni chako, Bi Mwanaidi," alisema. "Tulikipika harusi yetu. Tukakipika ubatizo wa watoto wote sita, na kila Krismasi. Mwenyewe alikuwa akisema mgeni wetu wa mjini huenda akatokea. Jioni ikifika hujaja, tunawapa majirani."

Alinimwagia maji mikononi, akaniwekea kigoda, akafunua. Ulikuwa mtori, ndizi na nyama. Swali lile la nani kachinja lilinijia ulimini, kwa mazoea tu. Nikalimeza, nikasema bismillahi, nikala mpaka nikashiba.